Aliuza Maduka Manne

Ninayoyaandika leo ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Najua hata wiki iliyopita nilisema hivyo. Najua pia kuna waliomwandikia mhariri kwamba hakuna binadamu anayeweza kufungiwa ndani ya kabati la viatu saa sita halafu atoke akipiga mluzi. Sawa. Zilikuwa saa nne. Na mluzi ulikuwa wa fundi aliyekuja kulifungua.

Leo siongezi hata dakika. Mkinikuta njiani, nitazameni juu ya mdomo, mtauona ushahidi. Au niseme mtapaona mahali ushahidi ulipokuwa.

Kwa waliokosa gazeti: mpwa wangu, binti wa dada yangu, anaishi kwetu, na kwa miaka minane ameuza duka la viatu. Tajiri wake ametangaza kwamba mwisho wa mwezi anafunga moja kwa moja. Niliwaacha pale mpwa wangu alipokuwa mezani, karatasi mbele yake, tangazo la kazi limekunjwa kando, nami nimesimama nyuma yake nikisema:

"Nipe hiyo kalamu. Sivii ya mauzo haiandikwi na mtoto wakati mkuu wa mauzo yumo humu humu ndani."

Sivii, kwa wenzangu tuliopata kazi kwa kusimama getini, ni karatasi ya kujieleza: umefanya nini, wapi, na nani aulizwe habari zako.

Nikaitazama ya kwake. Ilikuwa na mstari mmoja.

*Nimeuza duka la viatu miaka minane.*

"Ndiyo hii tu?"

"Si ndiyo kazi yenyewe, mjomba? Nauza duka."

"Miaka minane mstari mmoja! Hata kaburi lina maelezo zaidi."

Akacheka kidogo. Alikuwa hajacheka tangu tajiri wake atoe habari, nami kicheko kile kikanilewesha. Nikavuta kiti.

"Hilo duka lenu limehama mara ngapi?"

"Mara tatu. Tulianzia sokoni, tukaenda nyuma ya benki, tukaenda kwenye kona ya shule, halafu hapa tulipo."

"Kwa hiyo umeuza duka sehemu nne."

"Sehemu nne, lakini duka ni lile lile. Meza ile ile. Hata paka ni yule yule."

Mimi nimeshaandika: *Ameuza maduka manne.*

Mpwa wangu akainama, akasoma, akakunja uso. "Mjomba, hii inasomeka kama nimeyauza."

"Si umeuza duka?"

"Nimeuza duka. Siyo nimeuza *duka!*"

"Lugha ni ile ile, mwanangu. Aliyeuza duka ameuza duka. Mimi sijaongeza neno."

Nikaendelea. *Ameongeza mauzo kwa asilimia mia tatu.*

"Mia tatu umeitoa wapi?"

"Mia moja kila mtu anaandika. Mia mbili wanaandika waongo. Mia tatu hakuna anayethubutu kuuliza."

*Ameongoza timu.*

"Timu gani? Pale tuko mimi na paka."

"Paka anakusikiliza?"

"Akitaka."

"Basi huo ndio uongozi."

Akasema taratibu, kama mtu anayeomba ruhusa: "Mimi nilikuwa nataka kuandika habari za daftari langu."

"Daftari gani?"

"Daftari la miguu."

"Mwanangu, wakubwa hawataki miguu. Wanataka asilimia."

Basi. Hakulitaja tena daftari lile, wala mimi sikuuliza. Sentensi hiyo ikumbukeni, maana nitaulizwa kwayo.

Ikabaki sehemu ya mwisho, ya mtu wa kuulizwa habari zake. Tajiri wake siku hizo alikuwa hapokei simu ya mtu yeyote. Nikaandika: *Meneja Mstaafu wa Kanda, Kampuni ya Magodoro.* Chini yake nikaweka namba yangu ya simu.

"Mjomba, wewe ulikuwa meneja wa kanda?"

Sikujibu kwa mdomo. Nilinyoosha kidole juu ya kabati la vyombo, ambako kombe la rangi ya dhahabu limesimama mwaka wa kumi na tisa sasa, limeandikwa tumboni MUUZAJI BORA WA MWAKA. Kila Jumamosi mke wangu hulishusha, akalifuta kwa kitambaa laini ambacho hakiruhusiwi kugusa kitu kingine.

"Lile wanapewa wauza karanga?" nikamuuliza.

Mpwa wangu akainamisha kichwa. "Samahani, mjomba."

Akaniomba samahani, jamani. Mimi!

Badala ya kunyamaza, nikashika sharubu zangu, sharubu nilizozifuga tangu ujana, nikaapa: "Kukiwa na neno moja la uongo kwenye karatasi hii, ninyolewe hizi. Zote. Bila maji."

"Nimesikia!" akaitikia mke wangu kutoka jikoni.

Siku ya nne akaitwa kwenye usaili.

Nyumba ilisimama. Mke wangu akamwazima mkoba wake wa harusini. Mpwa wangu akatoka asubuhi amenyooka kama rula, nami nikaketi karibu na simu nimevaa koti na tai. Najua simu haioni. Lakini sauti ya meneja haitoki shingoni bila tai.

Saa tano kasorobo ikalia.

"Habari za asubuhi," akasema mama mmoja, sauti kavu, ya mtu aliyezoea kusubiri watu wamalize kusema uongo. "Naongea na Meneja Mstaafu wa Kanda?"

"Ndiye."

"Mwombaji wa kazi yuko hapa mbele yangu, na karani wangu yuko hapa. Simu iko mezani, sote tunakusikia. Una nafasi?"

"Nafasi tele."

"Vizuri. Tangazo letu lilikuwa na kazi mbili. Chini tunataka muuzaji mkuu wa duka la viatu vya kazini. Juu tunataka mtu wa kuuza vyumba vya maduka, jengo zima, ghorofa nne. Huyu binti karatasi yake inasema ameuza maduka manne, kwa hiyo tumemwita kwa kazi ya juu. Sasa yeye anasema hajawahi kuuza duka hata moja maishani. Anasema ameuza viatu. Wewe unasemaje?"

Kazi mbili! Ile ya pili ilikuwa upande wa tangazo uliokunjwa.

Wasomaji wangu, pale ndipo palikuwa mahali pa kusema, samahani mama, karatasi nimeiharibu mimi, binti anasema kweli. Maneno manane tu.

"Huo ni unyenyekevu wake," nikasema. "Hapendi kujisifu."

"Kwa hiyo aliyauza?"

"Yote manne."

"Duka la tatu alimuuzia nani?"

"Daktari wa meno."

Nikasikia kiti kikisogea, halafu sauti niijuayo ikilia kwa mbali: "Mjomba!"

"Mjomba?" akauliza yule mama.

"Ah, hilo," nikasema, jasho linaingia kwenye kola, "hilo ni jina la kiofisi. Kanda nzima walikuwa wananiita Mjomba."

Karani akapasuka kwa kicheko. Yule mama hakucheka.

"Haya, bwana meneja. Tuyaache maduka. Asilimia nazo tuziache, maana mia tatu nimeshaiona leo kwenye karatasi sita. Niambie jambo moja tu. Siku moja, mteja mmoja. Huyu binti alifanya nini, na baada ya hapo kikatokea nini?"

Nikafungua mdomo.

Miaka minane binti huyu amerudi nyumbani jioni, amevua viatu mlangoni kwangu, ameketi kwenye kile kiti cha pembeni akijikanda magoti, maana kazi yake ni ya kupiga magoti mbele ya miguu ya watu kutwa nzima. Na miaka minane, kila jioni, mimi ndiye niliyekuwa nasimulia. Nilivyouza mimi. Nilivyomgeuza mteja mimi. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza, leo kimetokea nini dukani?

"Ameongeza mauzo," nikasema, "kwa asilimia..."

"Sikuuliza asilimia. Nimeuliza mteja."

Sikuwa na mteja. Simu ikawa nzito mkononi kama jiwe la kusagia.

Yule mama akapumua. Halafu sauti yake ikabadilika, ikashuka, ikawa kama ya mtu anayechungulia chumbani.

"Hii sauti," akasema. "Kampuni ya magodoro, ulikuwa tawi gani?"

"La kona. Lile lenye dirisha kubwa la kioo."

"Enhe. Bwana meneja, nina ombi."

"Sema tu, mama."

"Naomba ukorome."

"Ati?"

"Koroma. Kidogo tu."

Hapa sina budi kuwaambieni jambo ambalo sijawahi kulisema nje ya kichwa changu. Meneja wa kanda sikuwa. Mkuu wa mauzo sikuwa. Kwa miaka ishirini na saba nilitoka nyumbani na suti na tai, nikafika dukani, nikaingia stoo, nikavua suti, nikavaa pajama za mistari, nikapanda dirishani, nikalala.

Ndiyo kazi niliyoajiriwa. Kulala juu ya godoro mbele ya kioo, wapita njia waone. Nilikuwa na kipaji. Kuna siku mteja alilinunua godoro nikiwa juu yake, wapagazi hawakutaka kunisumbua, wakanipakia nalo. Nilizinduka sebuleni kwa watu, nimefunikwa shuka, watoto wa nyumba ile wananiamkia shikamoo babu.

Hiyo nayo ni kweli. Ila mtoto alikuwa mmoja.

Basi yule mama akangoja. Ningeweza kukata simu. Sijui kwa nini sikukata. Labda kwa sababu katika yote niliyojisifia maishani, lile lilikuwa jambo pekee nililoweza kulithibitisha palepale.

Nikakoroma.

Sikukoroma kidogo. Nilikoroma ule mkoromo wa kazini, wenye mluzi mwishoni.

"Bwana Usingizi," akasema yule mama polepole.

"Risiti," nikasema.

Ndiye. Tulimwita Risiti kwa sababu alikuwa kwenye meza ya malipo akiandika risiti, hatua kumi kutoka kitandani kwangu. Duka lilikuwa na wauzaji watatu wenye tai, na wote walikuwa wanasema kwa kelele. Risiti alikuwa anamuuliza mteja swali moja tu, kalamu mkononi: "Unalalia ubavu gani?" Mtu aliyekuja kuuliza bei anaondoka na godoro na mito miwili, na anarudi mwezi ujao na dada yake.

"Kesho saa tatu," akasema. "Huyu binti arudi na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Na wewe uje naye. Ulete karatasi yako: umefanya nini miaka ishirini na saba. Mstari mmoja wa kweli unatosha. Bila hivyo, hata yeye asije."

"Sawa, mama."

"Na uje na kombe langu."

Simu ikakatika.

Mpwa wangu alirudi saa saba mchana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hakupiga kelele. Aliuweka mkoba wa harusi mezani taratibu, akaupangusa vumbi, akasema:

"Anti, leta mkasi."

Mke wangu alikuja nao, na wembe. Hakuuliza, maana simu yangu ina sauti kubwa, na maneno ya pande zote mbili aliyasikia jikoni.

Wakatandika gazeti mezani, nikaambiwa niinamishe kichwa. Sharubu za miaka arobaini na moja zikaanguka juu ya sehemu ya wiki iliyopita, palepale nilipoandika habari za kabati la viatu. Bila maji, kama nilivyoapa. Mpwa wangu alinyoa kwa uangalifu, hakunikata. Laiti angenikata.

"Daktari wa meno," alisema mara moja tu, akikung'uta mkasi. "Mjomba, kwa nini daktari wa meno?"

"Ndiye aliyenijia."

"Yule karani amecheka mpaka akatoka nje. Nilikuwa nimeanza kuwaeleza vizuri. Yule mama alikuwa ananisikiliza. Ananisikiliza *mimi*, mjomba. Halafu akasema, hebu tumpigie mtu wako."

Nikapeleka mkono kwenye sharubu; hazikuwapo.

Akaenda chumbani kuandika yake. Mimi nikawekewa karatasi na kalamu, mke wangu akaketi mbele yangu, mikono imepishana.

"Andika," akasema.

"Mama, kuna jambo hulijui."

"Andika, nitasoma."

Nikaandika. *Nililala dirishani miaka ishirini na saba.* Nikaisukuma karatasi kwake nikafumba macho. Fikirini: mwanamke huyu alipiga pasi tai yangu kila asubuhi kwa miaka yote ile.

Nikasikia sauti ya ajabu. Anacheka.

"Wewe mzee," akasema, "godoro tunalolalia unafikiri nililinunua wapi?"

"Ulisema uliletewa."

"Nilipita pale mwaka wa pili wa ndoa. Nikakuta watu wamejaa kwenye kioo. Nikachungulia, nikamkuta mume wangu amevaa pajama, mdomo wazi. Mama mmoja kando yangu akasema, huyu baba anaonekana hana shida hata moja duniani. Nikaingia nikanunua. Yule wa risiti akaniuliza, unalalia ubavu gani? Nikamwambia wa kulia, kwa sababu wa kushoto kuna mtu anakoroma."

"Ulijua! Na tai ukaendelea kuipiga pasi?"

"Ulikuwa unatoka umependeza. Ningekunyima hata hilo?"

Nikacheka naye, machozi yananitoka. Nilijiona nimetua mzigo. Nikasema, kumbe kukiri ni rahisi hivi!

Ndipo akageuka, akatazama juu ya kabati.

"Halafu nikawa najiambia: hata kama analala, basi kalala vizuri kuliko wote, ndiyo maana wakampa kombe." Akanitazama. "Sasa huyo wa kwenye simu mbona anasema ni lake?"

Nikaacha kucheka.

Nikamwambia. Kombe lilikuja kwenye boksi kutoka makao makuu. Risiti alikuwa nyumbani kwake, amejifungua. Bosi akanipa mimi nimpelekee, kwa kuwa napita njia ile. Nikasema nilipitishe kwanza kwangu, mke wangu alione siku moja tu. Alipoliona akalia kwa furaha, akawaita majirani watatu, akalipandisha kabatini. Kesho yake sikuweza kulishusha. Kesho kutwa sikuweza zaidi.

Risiti aliporudi kazini alimuuliza kila mtu: makao makuu hawajaleta kitu? Mimi nikasema sijaona. Hazikupita wiki nyingi akaacha kazi. Siku anawaaga wenzake nilisikia kila neno. Nilikuwa kazini, macho nimefumba.

Mke wangu alivuta kiti, akapanda, akalishusha kombe. Akachukua kile kitambaa laini, akalifuta kama afanyavyo kila Jumamosi, polepole, mpaka chini ya kitako. Halafu kile kitambaa akakitupa kwenye ndoo ya kudekia.

"Kesho utalibeba mkononi," akasema. "Bila mfuko. Njia nzima."

Nililibeba. Mdomo wa juu unauma kwa wembe, kombe kifuani, mpwa wangu ametangulia hatua tano mbele kama hanijui. Fundi cherehani wa njia panda akasimamisha mguu: "Mzee, hongera! Umeshinda nini?" Nikasema nimeshinda safari. Muuza magazeti akapiga makofi. Mpaka nafika kwenye lile jengo nilikuwa nimepongezwa mara tisa, na kila hongera ilikuwa kofi.

Risiti amekonda, mvi zimemjaa, miwani imening'inia kifuani. Hakuangalia kombe. Hakuniangalia. Alinyoosha mkono kwa mpwa wangu.

"Karatasi yako."

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, na mimi ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kazi ya mtu niliyekula naye meza moja miaka minane.

"*Nimeuza duka la viatu miaka minane. Duka lenyewe sijaliuza. Kila mteja nampima miguu yote miwili, kwa sababu mara nyingi hailingani, na kiatu kinanunuliwa kwa mguu mkubwa. Nina daftari lenye miguu ya watu mia nne na kumi na wawili. Mtu akipiga simu, najua saizi yake, na najua kidole kinachomsumbua.*"

Akasogeza karatasi karibu.

"*Kuna fundi umeme alikuwa ananunua mabuti kila miezi minne. Nikaona soli inalika upande wa ndani tu. Nikamwekea kipande cha ngozi ndani. Jozi ile imefika mwaka na nusu. Nilipoteza jozi nne ambazo angenunua. Ameniletea mafundi wenzake kumi na mmoja.*"

Risiti akavua miwani. "Hao kumi na mmoja, uliwapima?"

"Wote, mama. Wamo kwenye daftari." Akaligonga daftari mapajani mwake. "Ukurasa wa thelathini."

"Naweza kuona?"

Akaona. Alifunua kurasa nyingi, bila haraka. Karani yule wa jana alisogea kuchungulia, na leo hakucheka.

"Hii ndiyo sivii," akasema Risiti. "Kazi ya juu sikupi. Ya chini nina jibu lake tayari, lakini ngoja kwanza." Akanigeukia. "Wewe."

Nikampa karatasi yangu. Akasoma mstari wangu mmoja. Pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo, nikapata matumaini ya kijinga.

Nikaweka kombe mezani.

"Risiti, nisamehe. Sina la kujitetea."

"Bosi aliniambia siku anastaafu," akasema. "Aliniuliza kombe nimeliweka wapi. Nikamwambia kombe gani? Akasema alikupa wewe uniletee. Wiki ile ile nikaja mpaka dukani. Nikasimama nje ya kioo. Ulikuwa umelala, na mimi nikasema, huyu simwamshi. Ataamka mwenyewe."

Akalivuta kombe, akalitazama, halafu akafanya jambo nililoliogopa njia nzima. Akaliinamisha. Akachungulia ndani.

"Bosi alisema kulikuwa na barua," akasema.

Mpwa wangu akanigeukia. Kuhusu barua, hata mke wangu sikumwambia.

Nikaingiza mkono ndani ya koti, lile koti la kazini, kwenye bitana niliyoifumua na kuishona mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita. Nikaivuta. Imekuwa ya njano, imechukua umbo la kifua changu. Haijafunguliwa. Sikuifungua kwa sababu nilijua kwamba nikiisoma sitalala tena, na kulala ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nikamkabidhi. Hakuipokea.

"Fungua wewe. Soma kwa sauti, huyu binti asikie."

Nikaichana. Karatasi ilikuwa kavu, ikalia.

"*Kwa muuzaji wetu bora,*" nikasoma. "*Tumehesabu wateja waliorudi wakikutaja wewe. Ni wengi kuliko wa wauzaji wote watatu pamoja. Wanasema unauliza kabla ya kuuza. Tunakuomba ushike uongozi wa tawi...*"

Nikaishusha barua.

"Endelea," akasema Risiti.

"*...ushike uongozi wa tawi ukitoka likizo ya uzazi. Tupe jibu ndani ya siku kumi na nne. Tukikosa jibu lako, tutaelewa kwamba umekataa.*"

Chini, mafundi walikuwa wanapigilia rafu za lile duka la viatu, nyundo baada ya nyundo. Mpwa wangu hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anatazama daftari lake, mikono yote miwili juu yake, kama mtu anayelinda mtoto.

Risiti akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu. Mezani palikuwa na kombe, barua, na ile karatasi ya mpwa wangu, na mimi sikujua anataka kipi. Tuishie hapo mpaka wiki ijayo.